Kutoka Mto Cooper hadi Mto Nyando

Ahero, kwenye pampu

Pampu za Ahero husikika kabla hazijaonekana. Zimekaa ukingoni mwa mto Nyando, zinavuta maji mazito ya matope yaliyoshuka kutoka milima ya Nandi na Kericho, zinayapandisha hadi mfereji mkuu, na kutoka hapo maji hujiendea yenyewe kwa mteremko mdogo ambao macho hayauoni. Mji wa Kisumu uko kilomita ishirini na ushei nyuma yetu. Kaskazini umesimama ukuta wa Nandi, kusini genge la Nyabondo, na katikati ni uwanda wa Kano: udongo mweusi unaonata viatuni mvua ikinyesha, na kupasuka nyufa za kumeza mguu kiangazi kikikaza.

Nusu ya kwanza ya daftari hili niliijaza ng'ambo, katika jimbo la South Carolina, Marekani, nikizunguka mito ya Ashley, Cooper na Combahee karibu na mji wa Charleston. Huko mpunga ulilimwa na watumwa Waafrika tangu mwishoni mwa karne ya 17 hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Niliyoyaona ni mabaki: matuta yaliyoota miti, mifereji iliyozibwa na magugu, majumba ya mabwana yanayolipisha kiingilio, na kipande kidogo cha mpunga wa maonyesho pale Middleton Place, kando ya mto Ashley. Nilisoma kila kibao. Lakini kibao hakikuonyeshi mgongo ulioinama tangu asubuhi. Mimi ni mtu wa pwani. Wali ninaujua sahanini kuliko ninavyoujua shambani. Nimekuja Kano kuitazama kazi yenyewe ikifanywa na watu huru, ili nipime vizuri walichofanyishwa wasio huru.

Mwenyeji wangu ni mzee ambaye bloku nzima humwita jaduong'. Aliingia hapa kijana, siku za mwanzo za mradi uliofunguliwa mwaka 1969, na mpaka leo huamka alfajiri kwenda kuangalia maji. Hakunipeleka kwenye mpunga kwanza. Alinipeleka kwenye lango la mfereji mdogo, akainama, akatoa tope lililokwama kwa mkono wake, akangoja mpaka akaridhika na mwendo wa maji.

"Nyathina, mwanangu, maji yakizidi mche mchanga unazama," aliniambia. "Yakipungua, magugu yanakushinda. Na zamu yako ikipita umelala, utamlaumu nani?"

Niliandika maneno hayo, kisha nikafungua kurasa za nyuma, za mto Cooper.

Maji ya bahari na maji ya mto

Carolina hakukuwa na pampu. Wapandaji wa mwanzo walitega maji ya mvua kwenye vinamasi vya bara kwa mabwawa ya udongo. Kuanzia katikati ya karne ya 18 mashamba yakashuka kwenye mito inayopokea kujaa na kupwa kwa bahari. Hesabu yake ni ya ajabu. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo bahari inapojaa huingia mtoni kwa chini na kuyasukuma juu maji baridi. Maili kadhaa kutoka mdomoni mwa mto, maji matamu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku pamoja na bahari, bila chumvi kufika. Ukiweka tuta mahali panapofaa na lango ndani ya tuta, unafungua bahari ikijaa na jaruba linanyweshwa. Unafungua ikipwa na jaruba linakauka. Ukikosea mahali, au ukifungua siku ambayo mto umepungukiwa, chumvi inaingia na shamba limekufa.

Lango lenyewe lilikuwa sanduku refu la mbao lililolazwa chini ya tuta, lenye mlango kila upande. Hapo mwanzo lilikuwa gogo la mti lililotobolewa, na kizibo mwisho wake. Mtu wa kulichunga alikuwa mtumwa, na alitembea juu ya matuta usiku na mchana akisikiliza mto. Mavuno yote ya bwana yalikuwa mikononi mwake. Yeye mwenyewe alikuwa ameandikwa katika daftari la mali pamoja na ng'ombe na majembe.

Na matuta hayo nani aliyajenga? Kwenye tawi la mashariki la mto Cooper peke yake, sehemu ya maili 12 na nusu, mwanaakiolojia Leland Ferguson alipiga hesabu ya matuta yaliyokuwepo mwanzoni mwa karne ya 19: zaidi ya maili 55, yaani kilomita 88 hivi. Hiyo ni kama kutoka Kisumu hadi Kericho, kwa tuta la udongo lililoinuliwa kwa sepetu. Kwanza ilibidi kufyeka misitu ya miti ya kinamasi yenye mashina mapana kuliko mlango, katikati ya nyoka na mamba, miguu ndani ya maji wakati wa baridi. Nilipokuwa kule kiongozi wetu aliusifia uzuri wa mandhari. Mandhari ni mazuri kweli. Lakini kila mstari ulionyooka katika mandhari yale ulichimbwa na mtu ambaye hakulipwa.

Wanahistoria wanabishana kuhusu asili ya ujuzi huo. Mwaka 2001 Judith Carney alitoa kitabu, Black Rice, akidai kwamba Waafrika wa Senegambia, Guinea na Sierra Leone, waliolima mpunga kwa matuta na milango kabla ya Mzungu kufika, ndio waliouvusha ujuzi huo. Mwaka 2007 David Eltis na wenzake wakapinga, wakionyesha kwa takwimu za meli kwamba watumwa wengi wa Carolina walitoka sehemu zisizolima mpunga na kwamba wapandaji hawakuchagua sana. Zote mbili ni hoja za watu makini. Mimi baada ya kumtazama jaduong' akishughulika na lango dogo la futi mbili, nina upande wangu. Bwana wa Carolina aliondoka shambani kila mwaka kabla ya joto la Mei kwa hofu ya homa, akakaa Charleston au kwenye misonobari ya bara mpaka baridi ya kwanza ya Novemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo mpunga huota, hukua na kuvunwa. Hata kama si kila mtumwa alitoka nchi ya mpunga, wachache waliotoka huko walitosha kuwafundisha wengine, na mtu anayejua maji kwa kuandikiwa barua hayupo.

Ngwe

Palizi ya Ahero niliikuta kwenye bloku ya pili. Wanawake kumi hivi walikuwa wamejipanga, sketi zimefungwa juu ya magoti, maji ya matope hadi kwenye muundi. Kila mmoja alikuwa amepimiwa sehemu yake kwa hatua, na malipo ni kwa sehemu. Aliyemaliza mapema huondoka, au huomba nyingine. Mmoja wao aliniambia bila kusimama kwamba anamaliza kabla ya saa nane akapalilie mboga zake, kwa sababu kibarua hakipiki mboga.

Watu wa pwani tunaujua mpango huo kwa jina la ngwe. Karne ya 19, mashamba ya mtama na ufuta ya Malindi, na mikarafuu ya Unguja na Pemba, yaliendeshwa na watumwa waliotoka sana nchi za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Juu yao alikuwepo msimamizi, chini yake nokoa, na chini ya nokoa kadamu, na hawa wawili wa mwisho mara nyingi walikuwa watumwa wenyewe. Mtumwa wa shamba alipewa ngwe yake ya kulima, na akiimaliza, saa zilizobaki ni zake.

Carolina walikuwa na kitu hicho hicho, na nilishtuka kukikuta kimefanana hivyo ng'ambo ya bahari nyingine. Kwenye mashamba ya tumbaku na pamba watu walifanya kazi kwa kundi, kutoka jua hadi jua, mjeledi nyuma yao. Kwenye mpunga walipimiwa: robo ekari kwa siku ya kulima au kupalilia, na vipimo vingine kwa kuchimba mifereji, kuvuna na kupura. Aliyepima na kukagua alikuwa mtumwa mwenzao aliyepewa cheo, na ndiye aliyepiga wasiomaliza. Wasio na nguvu kamili walipunguziwa kipimo, lakini hata mjamzito alipunguziwa kwa kadiri bwana alivyopenda. Aliyebaki na nguvu alasiri alilima bustani yake, akafuga kuku, akavua samaki, akauza. Kuna waandishi wanaousifu mpango huu kana kwamba ulikuwa nusu ya uhuru. Nimezisoma hoja zao na siziafiki. Saa ile ya alasiri ndiyo iliyomlisha mtumwa, na kwa hiyo ilimpunguzia bwana gharama ya chakula. Mtu alilima ngwe ya bwana ili aruhusiwe kujilisha.

Ufanano wa kazi ya Ahero na kazi ya Carolina unanitia wasiwasi kila nikiuandika, kwa sababu msomaji wa haraka anaweza kudhani nasema wanawake wa Ahero ni watumwa. Sisemi hivyo. Nasema viungo vya mwili ni vile vile. Kiuno kinachouma baada ya palizi kinauma vile vile Kano na Combahee. Kinachotofautiana ni kila kitu kilicho nje ya kiuno.

Mwaka wa mpunga

Ahero hupandikiza. Mbegu hulowekwa, humwagwa kitaluni, na baada ya wiki tatu au nne miche hung'olewa na kuchomekwa jarubani kwa mkono, mmoja mmoja. Trekta la kuvuruga tope limepunguza jembe, na siku hizi mashine ya kuvunia hukodishwa na wanaoweza. Wengine bado wanavuna kwa mundu, wanapura kwa kupiga miganda juu ya pipa au gogo, wanaanika juu ya turubai. Mbegu nilizosikia zikitajwa ni IR 2793, izaayo sana, na Basmati, mnukiaji anayetafutwa na wenye hoteli mjini.

Carolina ilikuwa hivi. Majira ya baridi, tangu Desemba, watu waliziba matuta yaliyobomolewa na kaa na panya, wakazibua mifereji, wakachoma mabua, wakavunja udongo kwa jembe la mkono. Machi na Aprili walipanda. Mbegu iliviringishwa kwenye udongo wa mfinyanzi ili isielee, na wanawake wakatembea pekupeku juu ya mifuo wakiifukia kwa kisigino na vidole. Hapo maji yakaingizwa mara ya kwanza, mpaka mbegu imeota. Yakatolewa, yakarudishwa, yakafuata mafuriko marefu ya kuua magugu na wadudu, kisha shamba likakaushwa kwa wiki kadhaa za palizi katika joto la Juni na Julai, kisha maji ya mwisho yakakaa, yakipandishwa kadiri mmea unavyorefuka, kuubeba mpaka suke limeinama. Mwisho wa Agosti mundu ukaingia. Miganda ilibebwa kichwani hadi kwenye mashua bapa, mashua hadi uwanja wa kupuria.

Na hapo kazi ilikuwa haijaanza vizuri. Hili sikulitarajia. Kabla ya Jonathan Lucas kujenga kinu chake cha maji mwaka 1787, na kwa wengi miaka mingi baada ya hapo, mpunga mwingi wa Carolina uliopakiwa kwa mapipa kwenda Ulaya ulitwangwa kwa mkono. Kinu cha gogo na mchi. Alfajiri kabla ya kwenda shambani, na tena usiku baada ya kurudi, kila mtu mzima alikuwa na kipimo chake cha kutwanga. Na kutwanga mpunga wa kuuza si kubonda tu: ukipiga sana punje inakatika, na chenga haziuziki Ulaya kwa bei ya mchele mzima. Kwa hiyo mchi ulitaka nguvu na uangalifu pamoja, saa ambayo mwili umeshakwisha. Ndipo wakapepeta kwa ungo mpana uliosukwa kwa nyasi za pwani na ukindu. Ungo huo bado unasukwa na wajukuu wao, watu wa Gullah Geechee, na huuzwa sokoni Charleston. Niliushika mmoja. Mkono wangu uliujua, kwa maana bibi yangu alikuwa nao wake.

Ahero mpunga huenda kinuni kwa gari, na mashine hukoboa huku mwenyewe akinywa chai. Nilimweleza dani, yaani bibi, mmoja aliyekuwa akianika mpunga jinsi watu wa kule walivyotwanga usiku. Akauliza, nani alipika? Sikuwa na jibu la haraka. Waliopika ni wale wale wanawake, baada ya mchi.

Ndege

Kweleakwelea hushuka Kano kwa makundi yanayotia giza. Mpunga ukianza kuwa na maziwa, bloku nzima hujaa kelele za kuamia: mikebe inapigwa, kanda za plastiki zinavutwa kutoka mti hadi mti zivume kwa upepo, vijana wanarusha tope kwa kombeo. Mwenye shamba hulipa mwamiaji kwa wiki kadhaa, na malipo hayo ni mojawapo ya gharama zinazomuumiza. Zamani watoto ndio walioamia, na wengine walikosa shule kwa ajili hiyo. Jaduong' alilisema hilo kwa majuto ya mzazi.

Carolina ndege walikuja mara mbili: Mei wakielekea kaskazini, na Agosti wakirudi, mpunga umeshaiva. Watoto wa watumwa walisimama juu ya matuta tangu kucha mpaka kuchwa, wakipiga kelele. Nimefikiria sana juu ya watoto wale, kwa sababu ya takwimu moja. Mwanahistoria William Dusinberre alizichambua kumbukumbu za shamba la Gowrie, lililokuwa la Charles Manigault kwenye mto Savannah. Kati ya watoto waliozaliwa pale, tisa katika kila kumi walikufa kabla ya kufika miaka 16. Tisa katika kumi. Maji yaliyosimama yalileta malaria na magonjwa ya tumbo. Mama alirudishwa shambani wiki chache baada ya kujifungua. Kichanga kilibaki na bibi kizee. Manigault aliendelea kununua watu wapya kujazia, na shamba likaendelea kuleta faida.

Kano nako ni nchi ya malaria, na majaruba huzaa mbu. Mama wa Ahero anajua homa ya mtoto kwa kumgusa shingo. Lakini anajua pia njia ya zahanati, na hakuna mtu wa kumwomba ruhusa ya kuacha palizi ampeleke mtoto.

Mtoto mwingine wa kurasa zangu ni msichana wa miaka kumi aliyefikishwa Charleston mwaka 1756 katika meli ya Hare, kutoka Sierra Leone. Elias Ball, mwenye mashamba kwenye mto Cooper, alimnunua na kumwita Priscilla. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa. Kwa kuwa ukoo wa Ball ulihifadhi daftari zake zote za mali, vizazi vya Priscilla viliweza kufuatwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 2005 mjukuu wa kizazi chake cha saba, Thomalind Martin Polite, alisafiri mpaka Sierra Leone. Daftari la kuhesabia mali ndilo lililomrudisha.

Tiketi na kipande

Kutoka Ahero nilikwenda Usenge, Siaya, nikapanda mashua hadi kisiwa cha Mageta. Nilitaka kuona mahali ambapo serikali ya kikoloni iliwaweka watu waliokamatwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Hapo na katika kisiwa jirani cha Saiyusi palikuwa na kambi. Wavuvi walioniongoza ni vijana, na habari hizo wanazo kwa kusimuliwa. Ziwa lilikuwa shwari, omena zimeanikwa ufukweni kote.

Mageta inaungana na mpunga kwa njia hii. Mradi mkubwa kuliko yote wa mpunga nchini, Mwea, wenye maji ya mito ya Nyamindi na Thiba, ulianza katikati ya miaka ya 1950, na mifereji yake ya kwanza ilichimbwa na wafungwa wa Hali ya Hatari. Hola, kwenye mto Tana, mradi mwingine wa umwagiliaji, tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 85 walipelekwa kuchimba kwa nguvu. Waliokataa wakapigwa, na 11 wakafa. Wakubwa walisema kwanza kwamba wamekufa kwa kunywa maji. Ukweli ulipofika Bunge la London, mlolongo wa kambi ukaanza kuvunjika. Kwa hiyo nchi yetu haikuhitaji kwenda Carolina kujifunza maana ya mfereji uliochimbwa na mtu asiyeruhusiwa kusema hapana.

Na baada ya uhuru? Ahero haikuchimbwa na wafungwa. Lakini Sheria ya Umwagiliaji ya 1966, iliyoanzisha Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, iliirithi roho ya Mwea. Mkulima alikuwa mpangaji mwenye leseni. Meneja alipanga zao na tarehe. Angeweza kuamuru mazao yaliyopandwa kinyume cha agizo yang'olewe. Mpangaji kutoweka mradini zaidi ya mwezi kulihitaji kibali. Mpunga wote ulipelekwa kwa bodi, gharama zikakatwa kwanza, na kilichobaki ndicho alichokiona mkulima. Jaduong' anakumbuka misimu ambayo kilichobaki hakikufika mbali. Mwaka 1998 na 1999 wakulima wa Mwea waligoma kupeleka mpunga wao, na baada ya hapo bodi haikuwa tena ile ya zamani. Ahero na mradi wa West Kano zilianguka karibu na wakati huo huo, bili za umeme zikiwa zimeshinda pampu, mpaka zilipofufuliwa katika miaka iliyofuata. Sheria mpya ya 2019 imeigeuza bodi kuwa mamlaka.

Watu wa Nyanza walikuwa wameanza kudai mapema zaidi. Desemba 1921, Lundha, Gem, vijana waliosoma shule za misheni waliitisha mkutano unaokumbukwa kama Piny Owacho, nchi imesema. Walidai kodi ipunguzwe, kambi za kazi za lazima zifungwe, na kipande kiondolewe, kile cheti ambacho mwanaume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, kikionyesha nani amemwajiri na ameachiwa au la. Baadaye Shemasi mkuu Owen wa Maseno alikigeuza chama walichokiunda kuwa cha ustawi wa walipa kodi na kukituliza. Lakini pia aliendelea kuipigia kelele serikali kuhusu wanawake na wasichana waliotumikishwa barabarani bila malipo.

South Carolina, mtumwa aliyetoka nje ya shamba la bwana wake alitakiwa kubeba tiketi. Iliandikwa na bwana au msimamizi Mzungu. Sheria ya 1740 iliyokaza masharti hayo, na kuwakataza watumwa kufundishwa kuandika, ilitungwa mwaka mmoja baada ya uasi wa Stono wa 1739, ambamo watumwa waliandamana kwa ngoma kuelekea Florida ya Wahispania. Sheria hiyo hiyo iliweka kikomo cha kazi: saa 15 kwa siku majira ya joto, 14 majira ya baridi. Nimeinakili hapa kwa sababu ilitungwa kama huruma.

Bei

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 1863, Harriet Tubman, aliyekuwa amekimbia utumwa Maryland, aliziongoza meli za jeshi la Kaskazini kupanda mto Combahee pamoja na askari weusi. Watumwa ndio waliomwambia mabomu ya majini yamefichwa wapi. Watu zaidi ya 700 walitoka mashambani mwa mpunga siku ile, wengine na sufuria bado ya moto kichwani. Majumba na vinu vikachomwa.

Lakini mpunga uliendelea. Waliokuwa watumwa walirudi kwenye matuta yale yale kama vibarua, wakilipwa kwa vikaratasi vilivyokubaliwa katika duka la shamba tu, kwa bei za duka hilo. Mwaka 1876, palizi na mavuno yakiwa juu, wafanyakazi wa Combahee waligoma. Walitaka fedha taslimu, na walitaka ziongezwe. Robert Smalls, aliyezaliwa mtumwa na wakati huo mbunge, alifika kuzungumza nao. Waligoma katika msimu ambao mpunga hauwezi kungoja, na walijua vizuri wanafanya nini, kwa kuwa hakuna aliyeijua saa ya mpunga kama wao.

Asubuhi ya kuondoka Ahero nilipita kwenye bloku ile ya palizi. Mwenye shamba, mwanamume wa makamo aliyekuja kwa pikipiki, alikuwa amesimama juu ya tuta na wanawake wako barabarani, hawajaingia majini. Magugu ya upande huu ni mazito, walisema, bei ya jana ni ya upande ule. Alitaja kiasi. Mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cha buluu, akacheka, akasema kwa kiasi hicho apalilie mwenyewe, akaanza kutembea kuelekea Ahero sokoni, na wenzake wakamfuata. Zamu ya maji ya bloku hiyo ilikuwa kesho yake alfajiri. Nilikuwa sijamaliza kufunga mkoba wangu pikipiki ilipowafuata. Walizungumza dakika chache kando ya barabara, wote kwa mara moja, Kijaluo na Kiswahili. Aliongeza. Wakageuka, wakafunga sketi, wakapimiwa, na yule mama wa kitambaa cha buluu akadai kwanza nusu mkononi.